Macho Mawili

Mtu akirudi kutoka mashambani na bunduki begani, watu wa kwetu walimuuliza amepiga nguruwe wangapi. Fundi hakuuliza hivyo. Aliinua uso kutoka mezani, akamtazama aliyerudi, akasema, "Macho mawili?" Ilibidi umjibu, "Mawili, Fundi," ndipo akukaribishe kukaa. Usipojibu aliendelea na kazi yake kama vile hujafika. Wanawake kisimani waliyageuza kuwa mzaha, wakikutana wanaulizana macho mawili, wanacheka.

Nilikaa naye ukuta kwa ukuta miaka ishirini hivi, upande wa Afungi, kabla uzio wa mradi wa gesi haujawekwa. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani sitasema, kwa sababu sikuwahi kumuuliza na yeye hakuwa mtu wa kujieleza. Nitasema ninayoyajua. Moja katika hayo limenichosha kulibeba: nilimdanganya, kijiji kizima kikamlaumu yeye, nami nikanyamaza. Nitafika huko, ila habari za mtu huyu haziwezi kuanzia kwenye uongo wangu.

Kazi yake ilikuwa kujaza upya maganda ya risasi. Kijiji kilikuwa na bunduki moja ya halali, nyembamba, ya risasi ndogo, lisensa yake ina jina la mume wangu aliyekuwa mlinzi wa mashamba. Bila bunduki ile nguruwe wa porini wangekula muhogo wote, maana wao hula mizizi kwanza, shina wanaliacha limesimama, nawe unapita wiki nzima ukidhani una shamba. Risasi za dukani zilikuwa mbali na za shida. Basi kila ganda lililopigwa liliokotwa, likarudishwa kwa Fundi, akalisafisha, akalitia fataki mpya ya kitakoni inayowasha, baruti mpya na kichwa kipya. Kibali cha kufanya hivyo alipewa na administrasau, ofisi ya serikali ya wilaya, nacho alikifunga kwa nailoni na kukitundika ukutani mahali ambapo wengine hutundika picha ya harusi.

Na nguruwe wenyewe hakuwagusa. Maisha yake yote yalikwenda kwa mnyama ambaye dini ilimkataza hata kumshika. Siku moja mume wangu alikuja na doa la damu kwenye mkanda wa bunduki. Fundi alimrudisha mlangoni, akaagiza mchanga na maji, mkanda ukaoshwa mara saba mbele ya macho yake, na hata hivyo aliushika kwa kipande cha karatasi. Nyama ilichukuliwa na Paulo, jirani yetu Mmakonde aliyeshuka kutoka bara na kujenga kwetu. Wao wawili walitaniana kutwa. Paulo alimwambia kwamba ana ndoto za nguruwe na anaogopa kuwasimulia wenziwe msikitini. Fundi hakunywa hata maji kwa Paulo, kwa ajili ya vyungu vilivyopikiwa nguruwe. Lakini mke wa Paulo alipougua, Fundi alikaa nje ya mlango wao siku tatu, na kikombe chake mwenyewe mfukoni.

Alichukia makelele. Mtu wa bunduki, lakini ngoma ya harusi ilimfukuza nyumbani, na siku ya Idi, watoto wakianza kulipua fataki zao, alijifunga kilemba masikioni na kwenda ufukweni peke yake. Kwenye kibanda chake cha makuti hakuruhusu redio, hakuruhusu sigara, hakuruhusu maongezi. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa ugoro, na ugoro hupigisha chafya. Basi kila mara unamwona anaacha mizani, anatoka mbio, anapiga chafya uani, anarudi na kukaa kwa heshima kama imamu. Nilicheka sana nyuma ya ukuta wangu.

Mizani yake ilikuwa ya sonara, ya visahani viwili vidogo vya shaba, na mawe yake yalikuwa mbegu za tipitipi, zile nyekundu zenye jicho jeusi ambazo masonara wa zamani walipimia dhahabu. Alizihifadhi kwenye chupa yenye kizibo, zisipate unyevu. Wakati mmoja kuku wangu alimeza moja. Fundi hakunigombeza. Alisimamisha kazi siku tatu, akaleta mbegu mfuko mzima, akazipima moja moja na zile zilizobaki mpaka akapata iliyolingana. Nguruwe waliingia kwa jirani siku hizo zote, watu wakalalamika, yeye akawajibu kwamba mbegu moja ni mbegu moja. Kwa baruti alikuwa na subira ya kutisha. Kwa watu hakuwa nayo hata kidogo. Mwanamume aliyemjia akiwa amegombana na mkewe asubuhi alimfukuza, akasema arudi siku mkono umepoa.

Mimi nilikuwa macho yake kwa jambo moja. Herufi za Kiarabu alizisoma kama maji, Kurani yake ilikuwa tamu kuisikia kupitia ukuta, lakini herufi za kizungu hakuzijua. Mimi nilifika darasa la nne la Kireno. Baruti ilikuja kutoka Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, kwa kibali, mara moja katika miaka miwili au mitatu, na kila kopo jipya lilipofika aliniita. Nilisoma jina na namba zilizoandikwa kwenye karatasi ya kopo, kidole changu kikipita chini ya kila tarakimu, naye akitazama kidole. Kisha yeye aliandika juu ya kifuniko kwa wino, kwa herufi zake.

Hapo ndipo nilipojifunza kidogo nilichojifunza. Mtu asiyejua anadhani baruti ni baruti. Fundi aliniambia zote zinaungua, tofauti ni mwendo. Iko inayoungua mara moja, kama kofi. Iko inayosukuma, kama wanaume wanavyosukuma mashua kwenye mchanga, wanaanza taratibu na hawaachi mpaka inaelea. Ya kofi inafaa bunduki fupi za mkononi. Ukiitia katika ganda la bunduki ndefu kwa kipimo cha ile nyingine, chuma hakiwezi kuivumilia. Lakini nayo ile ya taratibu kabisa haifai ganda dogo kama letu, kwa sababu kichwa kinatoka kabla haijamaliza kuungua, mtutu unajaa masizi na risasi inaangukia njiani. Kwa bunduki yetu palikuwa na moja ya katikati, na hiyo aliitafuta miaka, akiangalia ukubwa wa ganda, uzito wa kichwa na urefu wa mtutu. Alipoipata hakutaka tena kusikia habari ya nyingine.

Mezani liliwekwa kopo moja tu. Likiwapo la pili, lilifungwa kwa kitambaa na kupelekwa chumbani, na mkewe, Mungu amrehemu, alilalamika kwamba kopo linalala upande wake. Mabaki ya makopo mawili hayakuchanganywa hata kama yalifanana kama mapacha. Iliyoanza kunuka uchachu aliimwaga kwenye mipapai yake, na mipapai ile ilizaa kuliko ya mtu yeyote.

Kulikuwa na kosa moja la watu wa kwetu lililomtia hasira. Mtu akipata baruti asiyoijua, huweka kidogo juu ya gamba la chaza na kuiwasha. Ikiwaka kama ile aliyoizoea, husema ni ileile. Wote walifanya hivyo, baba zao walifanya hivyo kwa magobori. Fundi naye aliwasha kwenye gamba, lakini kwa sababu nyingine. "Moto wa gamba unakwambia iko hai," aliniambia. "Haukwambii ni nani. Hapo juu inaungua kwenye uwazi, haijabanwa. Ukiibana ndipo inaonyesha tabia yake." Kwake kilichosema baruti ni nani kilikuwa karatasi ya kopo tu, na baruti ya kopo lisilo na karatasi hakuijaza.

Desturi yake nyingine ilikuwa risasi ya kwanza. Kila fungu jipya alilojaza, ya kwanza aliipiga yeye, peke yake, mbali na watu, kitako cha bunduki kwenye bega lake na shavu kwenye mbao. Kisha alilitazama ganda lililopigwa, hasa uso wa fataki, akarudi na kusema haya, chukueni. Tulisikia kwamba kijiji kingine kuna mjazaji anayefunga bunduki kwenye gogo na kuvuta kwa kamba. Fundi alicheka kwa dharau, na kucheka kwake kulikuwa kwa nadra. "Anayevuta kwa kamba amejaza asichokiamini," alisema. Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu na sikuyasahau, ingawa siku nilipoyahitaji sikutaka kuyakumbuka.

Halafu gesi ikagunduliwa. Meli zikaonekana nje ya kisiwa cha Rongui, magari meupe yakaanza kupita mahali ambapo hapakuwa na barabara, na mikutano ikawa mingi hata tukaota sugu matakoni. Tuliambiwa tutahamishwa. Tuliambiwa pia kwamba kabla ya hapo watakuja watu wa kuandika mashamba, na kila mtu ataandikiwa kilichomo shambani siku hiyo, mti kwa mti, tuta kwa tuta, na huko mbele atapewa kwa mfano wa hicho. Shamba lililoliwa ni shamba tupu. Nilikuwa na muhogo wa pande mbili za njia, wa kwangu na wa marehemu mama yangu, na nguruwe walikuwa wameshaonja upande mmoja.

Mwaka huohuo vibali vikasimama. Fundi alikwenda administrasau mara tatu, akaambiwa habari za baruti karibu na mradi zinasubiri amri ya juu. Kopo lake likaisha. Maganda yakakaa mezani matupu, yamesafishwa, yamepangwa juu ya kitambaa cheupe, na mume wangu akawa anakwenda shambani na rungu na debe la kupiga.

Paulo ndiye aliyeleta kopo. Alikuwa amepata kibarua cha jikoni kwenye kambi ya mradi, na hakusema kopo kalipata kwa nani, nasi hatukumuuliza. Karatasi yake ilikuwa imechanika nusu, lakini namba zilibaki. Baruti yenyewe ilikuwa nyeusi, ya chembe ndogo, ukiitazama haraka ni kama yetu. Mume wangu aliiwasha kwenye gamba la chaza mbele ya watu wote. Ikawaka vilevile. Watu wakapumua.

Fundi aliangalia moto ule mpaka ukazimika. Akachukua kopo, akanigeuzia upande wa karatasi, akaniambia, "Nisomee, mwanangu."

Niliziona. Zote zilikuwa zile za kopo la zamani isipokuwa tarakimu ya mwisho. Nilijiambia tofauti ya tarakimu moja ni kama saizi ya kiatu, mguu unaingia tu. Nilijiambia watu wa kuandika wanakuja baada ya wiki mbili. Yote haya niliyafikiri kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Nikapitisha kidole, nikamsomea namba ya kopo la zamani.

"Soma tena," alisema.

Nikasoma tena, vilevile. Alinitazama usoni kwa muda, si kwa hasira. Kisha akasema haya, nitajaza moja, kesho asubuhi mje wote kuangalia. Lilikuwa jambo jipya, maana hakuwahi kualika mtu. Sisi tulidhani ni furaha.

Asubuhi alikuja na kamba begani.

Niliiona ile kamba, na nilijua kwake kamba ina maana gani. Hapo ningeweza kusema. Palikuwa na nafasi ya kusema hata maneno hamsini, maana hakuharakisha. Aliifunga bunduki kwenye gogo la mkorosho, akaweka gogo la mnazi nyuma yake mahali anapokaa mtu, akatuamuru sote tulale nyuma ya kichuguu, na Paulo alipochelewa kwa kutania alimshika shingo kama mtoto akamlaza chini. Akavuta. Mlio haukuwa wa bunduki ile. Tulipoinuka, mbao ilikuwa imepasuka njia mbili, chuma cha nyuma hakipo, na kipande chake tulikikuta kimezama ndani ya gogo la mnazi, kwenye kimo cha uso wa mtu aliyelaza shavu.

Mume wangu alikitazama kile kipande kwa muda mrefu. Halafu naye, kama wengine, akaanza kulalamika. Walisema Fundi kazeeka. Walisema kapima vibaya, mkono unatetemeka, kachanganya na mabaki ya kopo lingine, yeye aliyekuwa akituhubiria. Walisema kaharibu bunduki pekee wiki mbili kabla ya kuandikwa mashamba. Mwanamke mmoja alimwita mwenye wazimu mbele yake. Fundi alikuwa anakunja kamba. Aliikunja vizuri, akaitia begani, akaenda nyumbani. Hakunitazama, na mimi sikufungua kinywa.

Nguruwe walikula upande ule mmoja wote na sehemu ya wa pili. Walipokuja watu wa kuandika, nilisimama kwenye matuta yaliyofukuliwa nikaandikiwa yaliyobaki. Bunduki iliyopasuka ilirudishwa administrasau, na kibali cha Fundi kikachukuliwa pamoja nayo. Ukutani palibaki alama ya mstatili mweupe. Tangu siku hiyo hakuna aliyempelekea kitu cha kufanya. Watu walimsalimu, wakapita. Mimi nilimsalimu, nikapita. Nilimsikia usiku akisoma Kurani nyuma ya ukuta, nikawa nawasha redio.

Kisha tukahamishwa, na nyumba za kijiji kipya ziligawiwa kwa namba, yake ikawa upande wa juu, yangu karibu na shule. Bahari haionekani kutoka huko. Nilimwona msikitini kwa mbali, kwenye mazishi kwa mbali. Mtu akichoka kuogopa jambo hubaki na uchovu wenyewe tu, na mimi nilikaa hivyo miaka.

Nilikwenda kwake asubuhi moja, bila sababu niliyoweza kumwambia mume wangu. Nilichukua sahani ya vitumbua. Alikuwa amekaa barazani kwenye sakafu ya saruji, amekonda, sikio moja limekufa kabisa, anachambua mbaazi juu ya kitambaa cheupe. Mbovu aliziweka kulia, nzima kushoto, moja moja. Niliweka sahani. Aliitikia salamu yangu na hakunikaribisha kukaa.

"Fundi," nikasema, "lile kopo la Paulo nilikusomea uongo."

"Najua."

Alichukua mbaazi nyingine akaigeuza kwenye mwanga.

"Kusoma sijui," akasema, "lakini kidole chako nimekitazama miaka mingapi? Ya mwisho kwenye kopo letu ilikuwa imenyooka. Ile ilikuwa na tumbo. Na wewe ulisoma haraka. Hukuwa ukisoma haraka."

Nilimuuliza kwa nini basi alijaza. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu anayegomba, na sikukusudia.

"Ningekataa, mngejaza wenyewe. Mmeshawasha kwenye gamba, mmeshaamua. Mumeo angejaza jikoni kwako, na angepiga kwa bega."

"Ungeweka kidogo, Fundi. Bunduki ingepona."

"Ningeweka kidogo ingepiga vizuri. Kesho mngeongeza." Akaitupa ile mbaazi kulia. "Nilitia kipimo chetu kamili. Nilitaka mwone wote, mara moja, mchana."

Nilimwambia angeweza kusema kwamba mimi ndiye niliyemdanganya. Wale waliomwita mwenye wazimu wangejua ni nani wa kumwita hivyo. Alisogeza mbaazi moja nzima kushoto.

"Wewe ulikuwa na miaka mingi ya kukaa nao," akasema. "Mimi kuitwa mzee hakukuniongezea kitu, mzee nilikuwa tayari."

Nilianza kulia, na nililia vibaya, kwa kamasi, mlangoni kwa mtu ambaye hakupenda makelele. Hakuninyamazisha. Alingoja, akiendelea na mbaazi zake, mpaka nikajifuta uso kwa ncha ya leso.

"Mumeo hajambo?"

"Hajambo."

Hapo akaacha kuchambua, akainua uso.

"Macho mawili?"

Nilimwona mume wangu kama nilivyomwacha asubuhi ile, amekaa kwenye kizingiti anatoa mwiba mguuni, amekunja uso, anauangalia kwa makini.

"Mawili, Fundi."

"Basi kaa," akasema, na akanisogezea upande mmoja wa kitambaa, penye mbaazi ambazo hazijachambuliwa.